Kilemba cha Shaukat

Sijasamehe. Nalisema mapema, asije mtu akanikatiza na mawaidha yake katikati ya maneno. Tangu siku ile mtaa wetu mzima, hapa ndani ya Lango la Taksali, Lahore, umenibandika majina: Khurshid moyo wa jiwe, Khurshid nyongo. Hata imamu alinipitia mlangoni kunikumbusha kwamba Mungu huwapenda wanaosamehe. Nikamwambia, shehe wangu, Mungu ni Mungu, mimi ni binti wa Meraj Din tu.

Baba yangu, Fundi Meraj Din, alikuwa mpika makongoro. Miaka thelathini na mmoja alikaa palepale juu ya jukwaa la matofali, miguu kaikunja, jungu la shaba mbele yake na upawa mkononi. Kwato alizichoma kwenye tanuri, hakuziunguza ovyo kama wafanyavyo wavivu. Kisha zinakaa usiku kucha kwenye moto mdogo, pamoja na shamari iliyofungwa kitambaani, na kile kitambaa sharti kitolewe kabla ya adhana ya alfajiri. Kikichelewa, supu inageuka dawa ya tumbo. Kulipokucha foleni ilifika mpaka duka la viatu: wanamiereka, mawakili, wasukuma mikokoteni, na waimbaji wa ghorofani walioteremsha vyombo vyao kwa kamba. Ukila supu ya baba midomo inagandana, mpaka uibandue ndiyo uombe bakuli la pili.

Mtoto wa kiume hakujaliwa. Alijaliwa mimi, na akamwokota Shaukat. Shaukat alitujia kutoka Kasur, kijana wa miaka ishirini, hana kitu ila shati alilovaa. Miaka tisa alikula kwetu. Mama yangu alimfulia, akamtafutia mke, akauza bangili zake mbili kumlipia mahari. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, na sisi nguo yenyewe ndiyo tuliyomvisha.

Kitu kimoja tu baba hakumpa, nacho ni kilemba. Kwa wapishi wa majungu makubwa, mwanafunzi akiiva fundi wake humfunga kilemba mbele ya chama cha mafundi, na kuanzia siku hiyo ana nasaba: fulani alifundishwa na fulani, aliyefundishwa na fulani. Asiyefungwa huitwa "asiye na fundi", na kwetu tusi hilo ni zito kuliko la mama. Shaukat alikiomba kila mwaka, na kila mwaka baba alimjibu, "Bado. Mkono wako umeiva, moyo una haraka."

Basi ikafika Ijumaa moja ya baridi. Kwenye kikapu cha mifupa, nyuma ya duka letu, likaonekana kwato la punda. Kwato la ng'ombe limepasuka katikati, la punda ni moja, na hilo hata mtoto mchanga analijua. Kelele zikapigwa. Nani huyo kasimama pale kwenye bomba la maji, mikono kichwani, machozi tele? Shaukat! "Jamani, nimevumilia vya kutosha! Siwezi tena kuwalisha Waislamu wenzangu punda!"

Unajua umati ulivyo. Jungu lilipinduliwa, supu ikatiririka mtaroni, mbwa wakafaidi. Walimpiga baba kwa viatu, mzee wa miaka sitini na tatu. Hakubishana na mtu. Aliuliza swali moja tu, "Nani kaliweka?" Duka likafungwa wiki ileile, na baada ya miezi kumi na moja tukamzika, watu tisa tu, na wanne kati yao ni wachimba kaburi.

Shaukat hakungoja hata arubaini. Alifungua duka hatua arobaini kutoka kwetu. Mpishi mwadilifu aliyekimbia haramu! Foleni ikahamia kwake. Mimi nikabaki na mama, halafu bila mama, nikiishi kwa tanuri: wanawake wa kichochoro wananiletea unga wao uliokandwa, mimi nawaokea. Na kila alfajiri, kwa miaka ishirini na sita, harufu ya supu ya baba yangu ikaniingilia uani kutoka kwenye mkono uliomuua. Ile ile! Shamari ile, kwato zilizochomwa tanurini zile. Niliziba mlango kwa magunia, harufu ikapita juu ya ukuta. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Miaka ikaenda. Mtaa ukapakwa rangi, taa zikatundikwa, wageni wakaanza kuja na kamera wakiuliza nani wa asili, nani wa tangu zamani. Hapo Shaukat akakumbuka kuwa ana fundi. Akatundika picha ya baba ukutani, kaivisha na shada la mawaridi. Jirani yangu Bilqis, muuza achari, ndiye aliyeniletea habari, maana yeye macho yake hayalali hata akilala.

"Dada Khurshid, nimemwona kwenye televisheni," akasema. "Anamtaja baba yako huku kashika ndewe la sikio, kama mwanafunzi mwenye adabu zake! Nikatema mate, yakaangukia televisheni. Mume wangu kanikasirikia."

Nilikuwa natoa mkate tanurini, ukaniunguza na sikusikia.

Siku kumi baadaye Shaukat mwenyewe akabisha hodi. Haji Shaukat sasa, tumbo mbele, ndevu zimetiwa hina, vitamutamu vya ladu kilo tano mkononi na shali ya Kashmir begani. Nikamwacha asimame uani.

"Salamu alaikum, dada yangu."

"Dada yako yuko Kasur. Sema shida yako."

Akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayeomba. "Bado una hasira. Sawa, ni haki yako. Mimi yule mzee alikuwa baba yangu vilevile."

"Ulimlea vizuri."

Akaniambia shida. Mwanawe Waqar anafungua duka la pili ng'ambo ya mji, duka la vioo na viti, na angependa kumfunga kilemba mbele ya chama. Lakini chama kimemkatalia. Atamfungaje mwenzake yeye ambaye hajafungwa? Harusini juzi, mpishi mmoja wa Lango la Mochi kamwita asiye na fundi, mbele ya wakwe. Fundi Inayat, mkubwa wa chama, kasema njia ni moja: nyumba ya Meraj Din imfunge. Na nyumba ya Meraj Din, alhamdulillahi, imebaki mtu mmoja.

"Mimi ni mwanamke," nikasema.

"Chama kimekubali. Desturi ni ileile: nitapika jungu peke yangu, nyumba ya fundi itaonja, itasema ni mkono wao au si mkono wao. Kwisha. Dada, nitaandika jina la mzee juu ya milango miwili. Herufi za dhahabu!"

Niliitazama ile hina yake. Nikajisemea moyoni, Khurshid, Mungu kakuletea mwenyewe, na ladu juu yake.

"Nitakuja," nikasema. "Na neno langu hili hapa, kamwambie Fundi Inayat: mkono ukiwa wa baba, nitakufunga. Ukiwa si wake, nitasema mbele ya wote."

Alipotoka, Bilqis aliruka ukuta nusura aangushe mitungi yake. "Umekubali? Umekubali, wewe? Utamvika muuaji kilemba?"

"Nitaonja, nitatema," nikamwambia. "Nitatema supu yake miguuni pake mbele ya mafundi wote wa Lahore, niseme huyu hakufundishwa na baba yangu, huyu ni mwizi wa jikoni. Afe bila fundi. Na mwanawe afe bila fundi."

Bilqis akakaa kando ya ladu alizoziacha Shaukat, akala moja. "Hapo sawa," akasema. "Tema mbali, basi, ifike kwenye viatu."

Kwa siku tano nilijifunza kutema. Msinicheke. Nilisimama uani na bakuli la maji nikipima umbali. Nilichokitaka duniani kilikuwa kimoja, kumvunja mtu yule mbele ya watu walewale waliomwona baba akipigwa kwa viatu. Na kama ningepata la pili, nilitaka aseme kwa kinywa chake kwamba lile kwato hakuliweka baba. Lakini hilo sikulitumaini.

Siku ya Alhamisi, baada ya adhuhuri, chama kilikutana katika ua wa Shaukat. Mafundi ishirini na wawili walikaa kwenye zulia, wazee wenye vifua vilivyobabuka kwa mvuke: wapika harisa ya ngano na nyama, wapika mchuzi wa nihari, wapika pilau za harusi. Waqar alikuwa anazunguka na mikate, kijana mrefu, mpole, uso wa mama yake. Wapiga ngoma wawili waliwekwa nje ya mlango wakingoja ishara. Katikati, juu ya mafiga, jungu. Nilipoingia nikiwa na kilemba cheupe nimekikunja kwapani, dhiraa saba, wengine waliinamisha macho. Niliwajua karibu wote. Nilijua nani siku ile alishika kiatu.

Fundi Inayat, mzee wa miaka themanini na ushei, akanionyesha mahali pa kukaa mbele kabisa. "Karibu, binti yangu. Keti mahali pa baba yako."

Shaukat akapiga magoti, akanichotea mwenyewe. Nikalipokea bakuli. Mate nilikuwa nayo tayari, nyie! Nikatia kijiko mdomoni.

Ee Mola wangu.

Ilikuwa yake. Si ya kufanana nayo. Shamari ilikuwa imetolewa kwa wakati, tangawizi kavu inakuja nyuma polepole, na mafuta yanakushika midomo kama mtu anayekuambia nyamaza kwanza. Kwa miaka ishirini na sita sikuwa nimeonja, maana nilikula yamini kutogusa chungu cha mtu yule. Nilijiona mtoto kwenye jukwaa la matofali, baba ananipoozea kwa pumzi yake. Machozi yakanitoka mbele ya wanaume ishirini na wawili, na nilijichukia kwa hayo machozi kuliko nilivyomchukia Shaukat.

Kutema nikashindwa. Ningemtema nani? Nikisema si mkono wetu, nimemkana baba yangu mwenyewe, kitu chake cha mwisho kilichobaki duniani. Shaukat alijua! Yule nguruwe alijua kwamba ulimi wangu hautaweza. Nilimwona anatabasamu chini ya hina, na kweli nilihisi nitalipasua bakuli usoni pake.

Nikameza. Na pale nilipomeza ndipo wazo likaja, sijui kutoka wapi.

"Ni mkono wa baba yangu," nikasema. "Hakijazidi kitu, hakijapungua."

"Mashallah!" ua mzima ukaitikia. Mtu akanyoosha mkono kuwaashiria wapiga ngoma.

"Ngojeni," nikasema. "Nina swali dogo. Mimi ni mwanamke wa tanurini, akili yangu nzito, mnivumilie. Haji, jungu hili umelibadilisha chochote tangu ulipotoka kwetu?"

"Hata punje, dada!" Akashika ndewe la sikio. "Kama alivyonifundisha marehemu. Nyama ileile, viungo vilevile."

"Apa."

Akachukua mkate, akauweka juu ya macho yake. "Naapa kwa mkate huu. Ni jungu lilelile la Fundi Meraj Din."

"Umesikia, Fundi Inayat?"

"Nimesikia," akasema mzee, na nikaona uso wake umebadilika. Yeye alikuwa ameshaelewa ninakokwenda.

"Basi nisaidieni," nikasema, na sauti yangu ikapanda yenyewe. "Miaka ishirini na saba iliyopita huyu bwana alisimama pale kwenye bomba akaapa kwamba jungu la Meraj Din ni la punda. Leo kaapa kwamba hili ni lilelile, halikubadilika hata punje. Haji, nijibu. Umewalisha punda wazee hawa, na wageni, na mahujaji, kwa miaka ishirini na sita? Au ulimuua baba yangu kwa uongo? Moja ni kweli. Chagua, maana zote mbili huwezi kuzimeza."

Shaukat akajishika ndevu. "Dada, mambo ya zamani hayo... leo ni siku ya furaha..."

"Punda au uongo?"

"Wazee, jamani, mwambieni..."

Wazee walitazama zulia. Aliyesema ni Waqar. Alikuwa kasimama na kikapu cha mikate, naye aliamini kabisa kwamba baba yake ni mtu mwema. Wallahi, hilo halikuwa langu, sikulipanga.

"Baba, mjibu tu," akasema. "Mwambie ukweli wote, yaishe. Watu wasije wakasema duka letu ni la punda."

Shaukat akamtazama mwanawe. Kisha akaanza kusema, macho chini, sauti ya mtu anayeumwa jino.

"Halikuwa la punda. Halikuwahi kuwa. Punda wa mkokoteni wa Taju alikufa kule mtaroni, karibu na ukuta wa mji. Nikamkata mguu. Nikaufunga kwenye gunia la vitunguu. Mimi ndiye niliyelitia lile kwato kikapuni." Akajifuta pua kwa mkono. "Miaka tisa ananiambia bado. Bado, bado. Nilikuwa na mke, nilikuwa na mtoto tumboni mwake. Nilidhani watamzomea tu siku moja, atashuka jukwaani, atanipisha."

Waqar akaweka kikapu chini. Hakumsogelea baba yake.

Nami? Mnadhani nilifurahi? Nilifurahi, ndiyo, nisiseme uongo. Nilihisi kama mtu aliyetua mzigo wa kuni. Nikawageukia mafundi nikitaka kuona nyuso zao, nione wanavyoshtuka, wanavyojipiga vifua. Hakuna aliyeshtuka.

Fundi Inayat akanishika mkono. "Binti yangu, yatosha. Mungu amrehemu baba yako. Sisi tulijua."

"Mlijua nini?"

"Tulijua siku ileile. Sisi ni watu wa kwato. Supu ya punda haigandishi midomo hivi. Na baba yako tulikula kwake kila Ijumaa."

"Mlijua," nikasema, "mkamwacha apigwe."

Mzee akaniachia mkono. Mwisho akasema, polepole, "Foleni yake ilikuwa ndefu, binti yangu. Ilifika mpaka duka la viatu. Sote tulikuwa na maduka."

Jamani, jamani! Mimi miaka yote hiyo nilimchukia mtu mmoja. Kumbe nilikuwa nafanya ubahili.

Nikainuka. Nikachukua upawa. "Leteni mabakuli," nikasema. Wakadhani nimerukwa na akili. "Nimesema leteni! Ishirini na mawili!" Nikachota mwenyewe, nikampelekea kila mmoja mbele yake, na kabla sijaachia bakuli nikamwambia kila mmoja: sema halali. Sema kwa sauti, nisikie. Mpika harisa akasema halali huku ndevu zinamtetemeka. Mpika pilau aliyeshika kiatu siku ile akasema mara mbili, maana ya kwanza sikuisikia vizuri. Fundi Inayat alisema mwisho, na nikasimama juu yake mpaka alipofyonza mfupa. Walikula kama watoto wanaokunywa mafuta ya samaki. Hakuna aliyeomba la pili.

Kisha nikakunjua kilemba.

"Shaukat, kaa."

Akarudi nyuma kwa magoti. "Hapana, dada. Sistahili. Niache, nakusihi. Nirudi tu nyumbani."

"Uko nyumbani kwako. Kaa! Nilitoa neno mbele ya watu: mkono ukiwa wa baba, nitakufunga. Mkono ni wa baba. Mimi si wewe, neno langu ni neno."

"Dada, kwa ajili ya Mungu..."

"Miaka tisa uliliomba hili. Baba kasema bado, mimi nasema tayari. Inamisha kichwa."

Wazee wangeweza kunizuia. Nani angethubutu? Nikamfunga. Dhiraa saba, mzunguko baada ya mzunguko, nikavuta kila mzunguko mpaka ngozi ya paji lake ikapanda. "Sasa wewe ni mtoto wa nyumba ya Meraj Din," nikamwambia sikioni. "Kila atakayeuliza nani alikufundisha, atauliza pia alikufaje."

Wale wapiga ngoma walioko nje hawakusikia neno hata moja la yaliyopita. Waliona mlango unafunguka na mtu mwenye kilemba kipya anatoka, basi wakazipiga! Walipiga kwa moyo wao wote, maskini, wanaruka, wanazunguka. Na desturi ni kwamba aliyefungwa anautembea mtaa wote toka mwanzo mpaka mwisho, mafundi nyuma yake wawili wawili, na watu wanamrushia maua. Nao wakamfuata, kwa sababu desturi ni desturi na nilikuwa nyuma yao na upawa bado mkononi.

Habari ilikuwa imeshatangulia. Watoto wa jirani walisikiliza ukutani, na mtaa wetu unajua kukimbiza maneno. Muuza lasi aliacha kupiga mtindi wake. Mkaanga puri akazitoa puri kwenye mafuta akasimama na mwiko. Vikapu vya mawaridi vilikuwepo milangoni, Shaukat alikuwa amevilipia mwenyewe, na hakuna mkono ulioingia ndani. Hapakuwa na sauti ila ngoma zile mbili na viatu vya wazee. Shaukat alitembea macho chini, jasho linamchuruzika katikati ya baridi ya Januari.

Bilqis akafungua dirisha la juu. Nilijua hatavumilia. "Haji!" akapaza sauti. "Punda wa Taju anakusalimu! Anauliza mguu wake!"

Hapo mtaa ukacheka. Si kicheko kibaya sana, ila kilianza kwa Bilqis kikafika langoni, kikarudi. Wapiga ngoma wakadhani ni shangwe, wakaongeza kasi.

Safari huishia nyumbani kwa fundi. Na hapo kuna jambo la mwisho: aliyefunga ndiye anayefungua, kwa mkono wake, na kumpa mwanafunzi ruhusa ya kuondoka. Kabla hajafunguliwa haketi, hali, haendi. Tukafika mlangoni kwangu. Mafundi wakajipanga ukutani. Shaukat akainamisha kichwa mbele yangu.

"Dada, nipe ruhusa."

Nikampita. Nikaingia ndani, nikafunga mlango, nikatia komeo.

Nikawasha tanuri. Wanawake walianza kuja na unga wao kwa mkate wa jioni, wakipitia mlango wa uani, na kila mmoja ananiambia, bado kasimama. Ngoma zikanyamaza. Waqar kamletea kiti, mmoja akasema, kakikataa. Mwingine akasema, analia. Mwingine akasema, dada Khurshid, ukungu unashuka na yule ni mtu mzima, magoti yake mabovu. Nikamuuliza huyo, mkate wako unataka ufuta au hutaki?

Karibu na magharibi Fundi Inayat akagonga kwa fimbo yake. "Binti yangu, fungua. Ameshaadhibiwa. Tumeshaadhibiwa sote. Mlango tu, binti yangu, mfungulie mlango."

Nilikwenda mpaka kwenye komeo. Nikaweka kipaji cha uso kwenye ubao, maana sikutaka kupiga kelele, nilitaka asikie kila neno.

"Fundi," nikasema, "baba yangu alikuwa anaacha mlango huu wazi mchana kutwa. Miezi kumi na moja. Alikaa hapa ndani kwenye kizingiti, kavaa shati safi, ananiambia, usifunge, Khurshid, leo mmoja wao atapita aniambie salamu alaikum. Duka lako liko hatua ishirini. Ulipita ukienda msikitini, mara tano kwa siku. Alikuwa anaijua fimbo yako kwa mlio. Akiisikia anajiweka sawa, anafunga kifungo cha juu."

Nikangoja. Kisha nikasikia fimbo ile ikiondoka, polepole, inagonga mawe, inasimama, inagonga tena.

Shaukat miguu ilimwishia adhana ilipokuwa inaanza. Wanawake walisema Waqar alimbeba mgongoni bila kumsemesha, na kilemba bado kimekaza kichwani. Mimi nilikuwa nimeshageuka. Unga wa watu ulikuwa umeumuka, nikaanza kukata madonge.